Herufi Tatu za Mwalimu Mariamu

Ninyi vijana mulio kwa biro, ofisi za shule, siku hizi, mukikosea herufi munagusa kidole mara moja, kosa limekwisha. Sisi, kosa letu lilikuwa na harufu. Ukiandika stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, na herufi moja ikaenda vibaya, ulikuwa unapaka rangi ya kucha juu yake, unapuliza, unangoja ikauke, halafu unagonga herufi ya kweli pale pale, polepole. Ndiyo, rangi ya kucha, ile ya wanawake, nyekundu. Nilitembea nayo mufukoni mwa shati miaka yote. Bibi yangu, muke wangu, aliikuta juma la kwanza la kazi akaita wajomba zake. Nilisimama mbele ya wazee watatu nikieleza stensili ni kitu gani, na hakuna aliyeniamini mpaka Direkteri mwenyewe, mukubwa wa shule, alipokuja nyumbani kunitetea.

Najua munapenda nikianza hivyo. Wakati muliponiomba niandike mambo ya kazi yetu ya zamani, mulitaka hayo ya rangi ya kucha, na ya ile siku mbuzi alikula matokeo ya darasa la sita. Nitawapa kidogo. Lakini kuna jambo moja ambalo limenikaa kifuani, na ni la aibu. Ni langu, si la mutu mwingine. Musifunge karatasi katikati, ninawaomba.

Mimi ni Kasereka, Munande wa upande wa Butembo. Nilikuja Goma nikiwa kijana, nikajenga nyumba mutaa wa Mapendo, na nimekuwa sekretere wa shule moja ya msingi zaidi ya miaka makumi matatu. Shule sitaitaja. Kanisa lililoisimamia nalo sitalitaja. Mukijua jina mutasema, "Aah, kumbe ni wale," na mutalala vizuri. Mimi sitaki mulale vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni muzee Paluku, sekretere wa kabla yangu, mutu mufupi mwenye hasira ya haraka. Alinifundisha kwamba karboni mpya unaiweka chini kabisa, kwa nakala ya mwisho, kwa sababu kule chini ndiko kidole kinafika kimechoka. Alinifundisha kwamba kashe, muhuri wa shule, lazima iume saini. Kashe ikikaa kando peke yake, mutu yeyote atatengeneza saini yake pembeni. Na wino wa kashe ukikauka, usitie maji. Nilitia maji mara moja, na barua ya Direkteri ikafika kwa Inspekta ikiwa na duara la buluu linalotoa machozi. Muzee Paluku alinipiga ngumi ya bega mbele ya wazazi.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili: "Kasereka, usiache mustari mutupu. Kule juu hawasomi ulichoandika, wanasoma usichoandika."

Alisema kweli. Ulikuwa unaweza kutuma dosie, faili ya mwalimu, imejaa makosa, inapita. Ukiacha nafasi moja tupu, inarudi kisha miezi minne, na mwalimu amekaa miezi minne bila mushahara. Basi mimi nikawa fundi wa kujaza. Mutu hajui tarehe yake ya kuzaliwa? Tunatafuta pamoja: ulizaliwa wakati wa maharage au wakati wa mahindi? Tunaandika. Hajui kijiji cha baba yake? Tunaandika Kalengera, iko kando ya barabara, hakuna atakayebisha. Walimu walinipenda sana. "Papa Sekretere anatengeneza," walisema. Na mimi nilivimba kichwa.

Sasa, kwa yule asiyejua shule zetu zinaendaje. Shule ni ya serikali. Serikali ndiyo inalipa mwalimu, ndiyo inatoa programu, na bendera inapanda asubuhi watoto wakiimba. Lakini serikali iliandikiana na makanisa tangu zamani: ninyi musimamie. Kwa hiyo kanisa ndilo linachagua Direkteri, ndilo linapendekeza mwalimu, ndilo linamuhamisha. Kila kanisa kubwa liko na shule zake na biro yake, tunayoita Kordinasio. Waislamu nao wako na zao, chache. Sheria inasema shule ni ya kila mutu, na ni kweli, mutoto wa dini yoyote alikuwa anaingia. Ila kwenye fomu ya mwalimu, chini ya mahali pa kuzaliwa, kulikuwa na mustari mumoja: dini.

Mwalimu Mariamu alifika kwetu mwanzoni mwa mwaka wa shule, na karatasi zake ndani ya mufuko wa sukari uliokunjwa vizuri. Mwanamuke mwembamba, mutu wa Kalengera kweli, si wa Kalengera ya kutengeneza. Familia yake ni Wakristo, wanaongea Kinyarwanda nyumbani. Alikuwa ameolewa na mushoferi wa magari makubwa, Saidi, wakakaa mutaa wa Ndosho, na walikuwa na binti mumoja, Zawadi, bado anabebwa mugongoni. Direkteri alimupenda siku ile ile kwa sababu ya mwandiko wake wa ubaoni. Mwandiko ule, sijauona tena. Herufi zimesimama sawasawa kama askari siku ya sikukuu.

Nikamukalisha mbele ya mashini ya kuandikia nikaanza fomu. Jina, mahali, diploma. Nikafika kwa mustari wa dini, na vidole tayari vimeanza kwenda vyenyewe.

"Ngoja, Papa," akasema. "Mimi ni Muislamu. Niliingia wakati wa kuolewa."

Nikaacha kuandika. Nikaenda kufunga mulango.

"Mama," nikamuambia, "hapa Muislamu hakatazwi. Lakini dosie yake inatembea polepole. Inatembea polepole mpaka inakufa njiani. Acha nitengeneze."

"Hapana. Usiandike uongo juu yangu. Kama ni vibaya, acha mutupu."

"Mutupu inarudi."

"Irudi basi. Nitangoja."

Alisema hivyo, wapendwa. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Akaweka saini chini, akaniamini, akachukua mutoto wake akaenda. Na mimi nikabaki na ile fomu na ule mustari mutupu unaniangalia. Nikajiambia, mama huyu hajui dunia, nitamusaidia bila yeye kujua. Nikaandika dini ya kanisa letu. Halafu nikaangalia jina. Mariamu. Nikaona lile jina litawauliza maswali kule juu. Ilikuwa kazi ya dakika moja: nikapaka rangi ya kufutia juu ya herufi tatu za mwisho, a, m, u, nikapuliza, nikagonga e. Marie. Safi kabisa. Hata muzee Paluku hangeona.

Namba yake ya mushahara ilitoka haraka kuliko ya mwalimu yeyote mwaka ule. Nilijisifu kwa bibi yangu nikila ugali.

Karatasi ilipokuja na jina la Marie, Mariamu alikuja biro nayo mukononi. "Papa Sekretere, huyu ni nani?"

"Aah, hilo ni kosa la mashini. Nitaandika wasahihishe."

"Utaandika?"

"Nitaandika, Mama."

Sikuandika. Aliniuliza tena mwaka ule mara mbili, na mwaka uliofuata mara moja, halafu akaacha. Alifikiri biro ya juu ndiyo yenye kuchelewa. Mustari wa dini hakuuona, kwa sababu fomu ilikuwa imelala kwa kabati yangu na ufunguo ulikuwa kwangu.

Alifundisha darasa la tatu miaka tisa. Kitambaa cha kichwa alifunga kama mama yeyote wa Goma, hakuna aliyeuliza. Wakati wa Ramadani, tulipokusanyika kwa mandazi na chai saa nne, alisema tumbo linamusumbua, ili asieleze mengi. Walimu wakamuhurumia. Mama mumoja, mwalimu wa darasa la kwanza, alimuletea dawa ya majani kutoka Masisi, chungu ya kukausha ulimi, kila mwaka mwezi mumoja, na Mariamu anapokea, anasema aksanti, anaiweka kwenye mufuko. Mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa ninakula mandazi yake. Somo la dini alibadilishana na mwalimu wa darasa la tano: huyu anaingia kwa tatu na Biblia, yeye anaingia kwa tano na hesabu. Watoto wa tano walipata hesabu nzuri kuliko watoto wote wa mutaa. Direkteri alijua wanabadilishana, alifikiri ni mambo ya uwezo tu.

Hakudanganya hata siku moja. Munanielewa? Hakuna aliyemuuliza akasema uongo. Ni lile tumbo tu, na hata lile, mutu mwenye njaa tumbo si linamusumbua?

Halafu Saidi akafa. Gari liliangukia kwenye muteremuko wa barabara ya kaskazini. Sisi walimu tulikuwa na desturi: mwenzetu akipata kilio, tunakwenda wote kisha masomo, tumevaa kitenge kimoja, na kwaya yetu inaanza kuimba tangu kwenye mulango wa kiwanja ili wenye kilio wajue tumefika. Tukaenda Ndosho hivyo. Mimi nilijua. Nilijua na nilitembea katikati yao na kitabu cha nyimbo mukononi, kwa sababu kama ningesema "tusiimbe," wangeniuliza "kwa nini?"

Tukaanza wimbo kwa nguvu, sauti ya kwanza na ya pili. Tukaingia. Wanaume wa kofia walikuwa wamekaa juu ya mikeka, wanasoma. Marehemu alikuwa amezikwa tangu jana yake. Muzee mumoja akasimama, akainua mukono, akasema kwa upole kabisa, "Wapendwa, aksanti kwa kuja. Hapa tunasoma Kurani. Muvue viatu mukae na sisi."

Wimbo ukafa mutu mumoja mumoja. Mwalimu wa sauti ya chini ndiye alichelewa, akabaki anaimba peke yake. Tukavua viatu. Soksi ya Direkteri ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kimetoka inje, na alikaa saa nzima anakificha na mukono. Siku nyingine ningewachekesha na hilo. Mariamu alitoka ndani na vitambaa vyeupe, akatusalimia wote, macho mekundu. Hakuona haya ya kitu chochote. Kwa nini angeona haya? Yeye alifikiri Direkteri anajua tangu siku ya fomu.

Kesho yake Direkteri aliniambia, "Kasereka, nipe dosie ya Marie."

Direkteri hakuwa mutu mubaya. Ningependa kuwaambia alikuwa mubaya, ingenisaidia. Alisoma, akasoma tena, akashika kichwa. Angeweza kuifunga, lakini mwalimu mumoja alikuwa tayari amelipeleka neno Kordinasio. Juma lililofuata wakaja watu wawili kutoka kule, na mimi nikaandika barua ya kumuita Mariamu. Alikuwa ndani ya eda, mujane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Barua yangu haikujua eda. Iliandika: afike bila kukosa.

Akafika, amevaa nyeupe. Akakaa kwenye kiti kile kile cha siku ya kwanza. Mukubwa wa wale wawili akafungua dosie, akasukuma fomu mbele yake.

"Hii ni saini yako?"

Akaangalia. Aliangalia muda murefu, kidole kinafuata mistari. Kikafika kwa dini, kikasimama. "Saini ni yangu. Hili neno si langu. Na mimi siitwi Marie."

"Mama, sisi hatufukuzi Waislamu. Kanisa letu linapenda watu wote. Lakini hatuwezi kukaa na mutu anayedanganya Mungu ili apate kazi. Nani aliandika hapa?"

Mariamu hakunitaja. Alinigeukia tu, akaningojea. Alikuwa na uhakika nitasema. Niliona kwenye uso wake hakuna woga hata kidogo, kama mutu anayengoja chenji kwa mutu anayemujua.

Mimi nilikuwa na watoto sita, wanne wako masomoni. Kutengeneza fomu ya serikali ni jela, na zile za tarehe na za vijiji zote zingefunguliwa. Hayo yote yalipita kichwani kwa haraka. Lakini nisiwadanganye tena: sikufikiri sana. Ulimi hauna mufupa. Nilisema, "Ni yeye mwenyewe aliniambia niandike hivyo."

Mariamu akasema, sauti ya chini, ile anayotumia kwa mutoto aliyekosa hesabu, "Papa Sekretere, sema tena."

Aliniachia mulango. Nimeelewa hilo baadaye. Alinipa nafasi ya pili mbele ya mashahidi, mutu aliyefiwa siku chache tu nyuma.

Nikasema tena. Neno kwa neno.

Barua niliiandika mimi, mchana ule ule. Kwa kazi yetu kuna neno moja la Kifaransa ambalo mutoto wa mwalimu yeyote analijua: disponible. Kwa wengine ni neno zuri, mutu yuko tayari, yuko huru. Kwetu, mwalimu akiwekwa disponible, amerudishwa kwa Kordinasio akae angoje, hana darasa, na mushahara unakauka nyuma yake polepole. Nikaandika: amewekwa disponible kwa sababu ya kutoa habari za uongo. Dini haikutajwa hata mara moja. Musome barua ile leo, hamutaona kwamba kuna Muislamu amefukuzwa. Mutaona mwongo. Niliiandika bila kosa hata moja, nakala nne, karboni mpya chini. Ni barua safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ninaichukia. Alipokuja kuipokea, akaweka saini yake: Mariamu, herufi zote saba, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Kazi ya sekretere ni kuweka nakala. Kwa hiyo mimi nilisoma maisha yake yote yaliyofuata, karatasi moja moja, kwa sababu kila biro aliyoiandikia ilituma nakala shuleni. Aliandika kwa biro ya serikali: mushahara wangu ni wenu, chaki ni yenu, bendera ni yenu, sasa mbona Mungu wangu anaulizwa? Wakamujibu kwa heshima kwamba hayo ni mambo ya msimamizi wa shule, serikali haiingilii dini. Akaandika kwa Kordinasio. Wakamujibu kwamba wao wanafuata tu utaratibu wa serikali, na fomu ya uongo ni kosa la serikali. Akarudi kwa serikali. Munaona? Wale wawili walikuwa wameshikana mikono vizuri kwa kusimamia shule, lakini alipokuja mutu anayelia, kila mumoja akaficha mukono wake nyuma.

Iliyonimaliza ni ya tatu. Aliomba nafasi kwa shule ya Waislamu. Nao wakaomba dosie yake, na dosie nilituma mimi, na wao wakasoma: dini, ya kanisa letu. Wakamuandikia kwamba hawawezi kuweka mbele ya watoto mwalimu aliyekana dini yake kwa sababu ya kazi. Huku ni Muislamu, kule ni Mukristo, na mahali pote ni mwongo. Yule mama ambaye alisema acha mutupu, nitangoja.

Siku ile niliweka karatasi kwa mashini nikaandika mistari minne: mimi Kasereka ndiye niliyejaza, yeye alikataa. Niliweka karboni tatu. Niliitoa, nikaikunja, nikaitia mufukoni nimupe Direkteri kesho. Bibi yangu alifua shati. Nilipoona zile nyuzi nyeupe za karatasi kwenye kamba ya nguo, mutanisamehe, nilishukuru Mungu. Na mashini ilikuwa palepale mezani, siku zote, miaka mingine kumi. Haikunikataza kuandika tena.

Yeye akaanza kuuza makala, mukaa wa kupikia, kando ya barabara Ndosho. Nilipita pale mara moja kwa moto, pikipiki ya kukodi, nikamuambia mushoferi azunguke njia nyingine. Tangu siku ile nilizunguka siku zote. Wenzangu walidhani ninaogopa vumbi.

Sasa ngoja niwaambie ya mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Mashini ilikuwa imekwenda kukaa chini ya meza, tuna ordinatere, kompyuta, na mimi ninagonga kwa kidole kimoja kama kuku anayekula mahindi. Akaingia binti mumoja murefu, na mufuko wa karatasi mukononi. Ameandikiwa na Kordinasio achukue darasa la tatu. Nikafungua karatasi zake. Zawadi, mutoto wa Saidi, amezaliwa Goma.

Vidole vikakufa.

Akatoa karatasi nyingine akaiweka juu: cheti cha ubatizo, cha kanisa letu, kina kashe na saini, na kashe imeuma saini vizuri.

"Andika bila woga, Papa Sekretere," akasema. "Ni cha kweli. Nimefundishwa mwaka muzima, nimebatizwa mbele ya watu. Mimi sitaki mutu aje kuniita mwongo kama walivyomuita mama."

"Mama anasema nini?" Hiyo tu niliweza kuuliza.

"Alinipikia siku ile. Halafu hakuja."

Nilipaswa kumuambia pale pale. Mutoto, mama yako hakudanganya, ni mimi. Maneno manane, kumi. Nilikuwa na miezi mitatu ya kustaafu, na nilikuwa ninaogopa sherehe yangu isiharibike. Sherehe! Soda na hotuba. Nikaandika: dini, ya kanisa letu. Kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa la kweli ndani ya dosie ya familia ile, na lilikuwa baya kuliko uongo wangu. Kama binti angependa mwenyewe, mimi ni nani nikatae? Kila mutu na moyo wake. Lakini hakuja kwa Mungu kwa kupenda. Alikuja kwa kuogopa fomu.

Nilistaafu. Nikakaa. Mji wetu umebadilisha wakubwa, na mimi muzee nimejifunza kutosema mengi juu ya wakubwa. Lakini kifua hakinyamazi. Juma hili ambalo muliniomba niandike, nilivaa koti nikaenda Ndosho, na kwa mara ya kwanza nikamuambia mushoferi wa moto asizunguke.

Alikuwa amekaa nyuma ya vikapu vyake, amezeeka, mikono nyeusi ya makala. Alinijua mara moja.

"Papa Sekretere. Kaa."

Nikakaa juu ya jiwe. Hotuba niliyoitayarisha njiani ikapotea yote. Nikalia, muzee muzima, watu wanapita. Nikamuambia yote: fomu, herufi tatu, barua iliyofuliwa mufukoni, kuzunguka kwangu. Alisikiliza akipanga makala, makubwa juu, madogo chini.

"Ya fomu na ya herufi nilijua," akasema. "Nilikuwa pale. Mimi nilikusamehe zamani, Papa, sikukusamehe kwa ajili yako. Nilikuwa ninasimama kuomba na wewe unanisimamia mbele, siwezi kumuona Mungu. Nikakuondoa."

"Aksanti, Mama. Aksanti sana. Mungu—"

"Ngoja. Sijamaliza."

Akapangusa mikono kwa kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Nilimuambia Zawadi kwamba sikudanganya. Tangu akiwa mudogo nilimuambia. Lakini barua ilisema nimedanganya, na barua ilikuwa na kashe. Mutoto atasadiki nani? Akakua anasadiki barua. Kwa hiyo kwangu mimi usiombe msamaha tena, huo umekwisha. Nenda kwa Zawadi. Padri gani, mchungaji gani, sijui majina yao, wao walimwaga maji tu. Yule mutoto, Papa Sekretere, ni wewe ulimubatiza."